Fomu ya mwenye nyumba: kisa cha mwalimu wa Mombasa aliyehama chumba mjini Bangkok

Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, mwalimu mmoja wa sayansi, mzaliwa wa Mombasa, alifika ofisi ya Uhamiaji ya Chaeng Watthana, kaskazini mwa Bangkok. Alikuwa na kila karatasi ambayo shule yake ilimwandalia: barua ya mwajiri, leseni ya shule, mkataba mpya, kibali cha kazi, ruhusa ya muda ya kufundisha kutoka Baraza la Walimu na hati za ushuru wa mapato. Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kinaisha Ijumaa ya tarehe 19. Ofisa alizipitia karatasi, akatafuta anwani kwenye kompyuta, kisha akamrudishia furushi zima. Kwenye anwani ile hapakuwa na jina lake. Kwa kumbukumbu za serikali, mwalimu alikuwa bado anakaa kwenye nyumba aliyoihama mwezi wa Machi.

Alinipigia simu akiwa bado ndani ya jengo. "Dada, wamenirudisha. Wanataka TM30."

Kwa mgeni aliyekaa Thailand miaka kadhaa, maneno hayo yanatosha. Nieleze kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Sheria ya Uhamiaji ya Thailand, ile ya mwaka 1979 inayotumika hadi leo, inasema katika kifungu cha 38 kwamba mtu anayempa mgeni mahali pa kulala, awe mwenye nyumba, msimamizi wake au meneja wa hoteli, lazima atoe taarifa Uhamiaji ndani ya saa 24. TM30 ndiyo fomu ya taarifa hiyo. Hoteli hufanya hivyo kila siku na mtalii hajui hata kama kuna fomu. Mwenye nyumba asiyetoa taarifa hutozwa faini isiyozidi baht 2,000. Mgeni naye ana wajibu wake chini ya kifungu cha 37, ikiwemo kujiripoti kila baada ya siku 90, lakini fomu hii ya 30 si yake. Ni ya mtu mwingine, na mtu huyo asipoijaza, anayefungiwa dirisha ni mgeni.

Kwa miaka mingi kifungu hicho kilikuwepo kwenye vitabu na ofisi nyingi hazikukifuatilia. Mwaka 2019 wakaanza kukibana, wageni wakalalamika sana, na katikati ya 2020 kanuni ikalegezwa kidogo: mgeni akisafiri na kurudi kwenye anwani ileile, akiwa na kibali halali cha kurejea, haandikishwi upya. Lakini anayehama nyumba huandikishwa upya, na mwalimu wetu alikuwa amehama.

Hesabu ya siku ndiyo iliyotia hofu. Jumatatu ya tarehe 8 ofisi zilifungwa kufidia Siku ya Chakri, sikukuu ya ukoo wa kifalme iliyoangukia Jumamosi. Kuanzia Ijumaa ya tarehe 12 hadi Jumanne ya tarehe 16 zingefungwa tena kwa Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ambapo nusu ya Bangkok hupanda mabasi kurudi kwao. Zilibaki Jumatano na Alhamisi, kisha siku tatu baada ya sikukuu. Na wiki ileile ilikuwa ya Idi. Katika mikoa ya kusini yenye Waislamu wengi Idi ni mapumziko rasmi, lakini Bangkok ofisi huendelea na kazi. Mwalimu alikuwa amepanga kuswali Idi kwenye Kituo cha Kiislamu cha Ramkhamhaeng na kupika pilau kwa ajili ya wasichana wenzake. Badala yake alikuwa akihesabu saa za kazi za serikali.

Sasa jinsi alivyohama. Shule ilikuwa imempangia chumba kwenye jengo la ghorofa karibu na kazini, na jengo lile lilikuwa na ofisi inayoshughulikia wapangaji wa kigeni, kwa hiyo TM30 ilijazwa bila yeye kujua. Kodi ilikuwa kubwa. Nimeshika mikononi mikataba ya walimu wa Kiafrika hapa, na mingi inalipa chini ya ile ya wenzao weupe kwa vipindi vilevile na darasa lilelile. Mtu anayetoka nchi isiyohesabiwa kuwa ya wazungumzaji wa Kiingereza hutakiwa kuleta matokeo ya mtihani wa TOEIC, alama zisizopungua 600, hata kama amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa anatuma fedha nyumbani kila mwezi. Mwaka wa shule ulipofungwa mwezi wa Machi alitafuta chumba cha bei nafuu, akakipata kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Ramkhamhaeng, karibu na mfereji wa Saen Saep. Ni mahali pazuri kwa mtu wa Pwani. Jamii za Waislamu zimekaa kandokando ya mfereji huo tangu ulipochimbwa katika miaka ya 1830, misikiti iko jirani, mchuzi wa ng'ombe unauzwa asubuhi, na boti la abiria linakufikisha katikati ya mji kwa nauli ndogo.

Vyumba vile ni vya mama mmoja wa makamo, mtu wa Roi Et, kaskazini mashariki, ambaye wapangaji wote wanamwita Pa. Ana safu ya vyumba, mashine za kufulia za sarafu pale mbele, na kiti chake cha plastiki chini ya feni. Mwalimu alitoa amana ya mwezi mmoja na kodi ya mwezi mmoja, taslimu, akapewa ufunguo na risiti ya mkono. Hapakuwa na mkataba. Hakuuliza habari ya Uhamiaji kwa sababu kule alikotoka hakuwahi kulazimika kuuliza.

Jumanne hiyo jioni alikwenda kwa Pa na fomu mkononi. Pa aliiangalia, akatabasamu, akasema ngoja baada ya Songkran. Mwalimu akamweleza kwa Kithai chake cha darasani kwamba hawezi kungoja, kwamba anahitaji nakala ya kitambulisho chake na nakala ya kitabu cha nyumba, kile cha jalada la bluu cha usajili wa nyumba serikalini. Pa akaendelea kutabasamu, akasema kitabu kiko Roi Et. Usiku wa Alhamisi angepanda basi kwenda huko.

Ushauri ulimiminika usiku ule. Karibu kila mgeni aliyesikia alikuwa na jibu lilelile: mama anaogopa ushuru. Hili wageni wa Bangkok wanalisema kama aya. Mwenye nyumba anayepokea taslimu hatangazi mapato ya kupangisha, na hataki jina lake liandikwe popote pale pamoja na jina la mpangaji. Mara nyingi ni kweli, nimeliona mwenyewe. Na kutoka kwenye jibu hilo watu walikuwa wakikimbilia dawa tatu.

Ya kwanza, mtishe. Mwambie sheria inasema saa 24, mwambie utampeleka polisi. Hii ingekuwa haki kisheria na hasara kwa kila kitu kingine. Pa hakuwa akikataa kwa kutojua kwamba kuna sheria, na mtu wa umri wake akitishwa na mpangaji kijana mbele ya wapangaji wengine, mlango ule haufunguki tena. Tena faini yake ni ndogo kuliko kodi ya mwezi mmoja. Angeweza kuilipa baada ya sikukuu bila jasho, na mwalimu angekuwa tayari amepitisha tarehe 19. Kukaa bila kibali hutozwa baht 500 kwa siku, lakini fedha si ndiyo balaa kubwa. Ukikamatwa kabla ya kufika mwenyewe kiwanja cha ndege, hata kama ni siku chache, kanuni za tangu Machi 2016 zinaruhusu kukuzuia kuingia nchini kwa miaka 5.

Ya pili, rudi kwenye anwani ya zamani. Jina lako bado liko kule, ofisa hatajua. Rafiki mmoja alisema hivyo kwa nia njema kabisa. Nilimwambia mwalimu asithubutu, na bado nasimama hapo. Fomu ya kuongeza muda wa kukaa ni tamko lenye sahihi yake, na maofisa huja nyumbani au kupiga simu, na jengo la zamani lilikuwa limeshampa mtu mwingine chumba.

Ya tatu ilikuwa wakala. Kuna mtu aliyejitolea kumtafutia anwani, yenye jina la mwenye nyumba na kila kitu, kwa fedha iliyokaribia nusu ya mshahara wake. Namwogopa wakala wa aina hii kuliko Pa mia moja. Anwani ya uongo leo, kesho atakuambia anaweza pia kukuletea muhuri bila wewe kusimama foleni, na watu wetu wamejikuta kwenye mahabusu ya Uhamiaji ya Suan Phlu wakiwa na mihuri ambayo haikuwahi kutoka serikalini. Wakala mara nyingi haguswi. Pasipoti ni yako.

Njia nyingine halali ilikuwepo, nayo naitaja kwa sababu watu huisahau: angeweza kuhamia kweli kwenye hoteli au nyumba ya kulala wageni yenye leseni, ambako taarifa hutumwa siku hiyohiyo. Ingemgharimu wiki mbili za malazi, lakini ingekuwa kweli tupu. Tuliiweka akiba.

Kabla ya hapo nilimwomba ampigie simu mama wa utawala wa shule, Mthai, yule anayeshughulikia karatasi za walimu wa kigeni. Sababu yangu haikuwa lugha peke yake. Mwalimu akizungumza na Pa, ni mpangaji anayeomba kitu kwa mwenye nyumba. Mama wa shule ni mtu mzima kwa mtu mzima, anakuja na jina la shule nyuma yake, na anaweza kuuliza maswali ambayo kijana hawezi kuuliza bila kuonekana anamsuta mkubwa wake. Nyumbani tungemtuma mshenga. Hapa pia watu wanajua kutuma mtu.

Jumatano jioni tulikwenda watatu, na kikapu cha maembe. Mama wa shule hakutaja fomu kwa muda mrefu. Aliuliza Roi Et mvua zikoje, aliuliza wajukuu, akauliza tikiti ya basi imepatikana au la, maana msimu ule tikiti ni shida. Mimi na mwalimu tulikaa kimya. Hatimaye alisema kwamba shule inajua vyumba hivi ni vizuri na ingependa kuleta walimu wengine, ila kuna hili la karatasi. Halafu akauliza swali ambalo sote tuliokuwa na jibu la ushuru hatukuwa tumeliuliza: katika karatasi zinazotakiwa, ni ipi hasa inayokutia wasiwasi?

Pa akajibu bila kusita. Nakala ya kitambulisho.

Alikuwa na mpwa wake aliyetoa nakala ya kitambulisho kwa mtu aliyemwahidi kazi. Baadaye polisi walimwita: jina lake lilikuwa limetumika kwenye akaunti ya benki iliyopokea fedha za watu waliotapeliwa kwa simu. Akaunti za namna hiyo zimekuwa janga Thailand, kiasi kwamba amri ya dharura ya Machi 2023 iliweka adhabu ya kifungo hadi miaka 3 au faini hadi baht 300,000 kwa anayefungua au kukubali akaunti yake itumiwe hivyo. Kijana alichukua miezi kujieleza. Tangu hapo Pa alikuwa ameapa kwamba nakala ya kitambulisho chake haitoki mkononi mwake. Mgeni, tena mgeni aliyemjua kwa mwezi mmoja, anaomba nakala hiyo ili aipeleke kwenye ofisi ambayo Pa hajawahi kufika. Ukiwa wewe, ungefanyaje?

Habari ya ushuru haikutajwa kabisa. Huenda nayo ilikuwepo moyoni, sitaapa. Lakini hofu iliyofunga mlango ilikuwa nyingine, na ilikuwa na dawa yake. Thailand ina desturi ya miaka mingi kuhusu nakala: mwenye kitambulisho huchora mistari miwili ya mshazari juu ya nakala, katikati ya mistari huandika kwa mkono kwamba nakala hii ni kwa shughuli fulani tu, anaweka tarehe, na anatia sahihi kuthibitisha kuwa ni sawa na halisi. Nakala hiyo si rahisi tapeli kuitumia kwa jambo jingine. Pa aliijua desturi hiyo. Hakuijua orodha ya ofisi ya Uhamiaji, kwa hiyo hakujua kama nakala iliyochorwa ingekubaliwa. Mama wa shule akamhakikishia kwamba inakubaliwa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeishika hadi dirishani na kumletea picha ya risiti kwa simu.

Kitabu cha nyumba hakikuwa Roi Et. Kilikuwa ndani, kwenye kabati. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo, na nilimheshimu sana mama wa shule kwa namna alivyokipokea kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo kwanza kimefika kwa basi.

Karatasi ziliandikwa palepale juu ya mashine ya kufulia. Mkataba wa kupanga wa kurasa mbili, uliotokana na sampuli ya shule, ukiwa na kodi, amana na tarehe halisi ya kuhamia. Nakala ya kitambulisho na ya ukurasa wa kitabu cha nyumba, zote zimechorwa mistari. Fomu ya TM30. Na hati ya uwakilishi, yenye stempu ya baht 10, ili mama wa shule aweze kuwasilisha kwa niaba ya Pa. Kwenye tarehe ya kuhamia palizuka ubishi mdogo. Jirani alishauri iandikwe ya jana ili kukwepa faini. Mwalimu alikataa, na alifanya vizuri: risiti ya kodi ya Machi ilikuwepo, na kujipunguzia mia kadhaa za baht kwa karatasi ya uongo hakulingani na kazi yake.

Faini kisheria ni ya mwenye nyumba. Mwalimu aliilipa yeye. Wapo walionikosoa kwa kumuunga mkono katika hilo, wakisema tunawazoesha wenye nyumba kuvunja sheria kwa gharama ya wageni. Naielewa hoja yao na siikubali. Pa alikuwa ametoa kile alichokiogopa kuliko faini. Kumdai na fedha juu yake kungekuwa kumwonyesha kwamba aliogopa sawasawa.

Alhamisi asubuhi mama wa shule alikwenda Chaeng Watthana kwa treni ya Pink Line, ile inayopita juu ya barabara tangu mwishoni mwa 2023 na kuwashusha watu karibu na majengo ya serikali. Wengine walikuwa na mawazo yaleyale: foleni ya kabla ya Songkran ilikuwa ndefu. Kabla ya saa nane mchana alikuwa na kile kipande cha chini cha fomu, chenye muhuri, ambacho hubandikwa ndani ya pasipoti. Alikipiga picha na kumtumia Pa kama alivyoahidi, na Pa akapanda basi lake usiku.

Mwalimu alirudi dirishani Jumatano ya tarehe 17 na furushi lilelile pamoja na kipande hicho, akalipa baht 1,900 za maombi, akapewa muhuri wa kusubiri uamuzi, na baadaye mwaka wake kamili.

Nikikipima kisa hiki sasa, sioni kwamba ugumu ulikuwa kwenye fomu. Fomu ilijazwa kwa dakika kumi. Ugumu ni kwamba mwalimu alichagua chumba kwa kuangalia kodi, msikiti na boti, mambo yote ya maana, na hakuna aliyemwambia kwamba mgeni wa muda mrefu hapa anachagua pia sahihi ya mwenye nyumba. Shule ilikosea kwa kumwacha ahame bila kumweleza kile ambacho jengo la kwanza lilikuwa likimfanyia kimyakimya. Hilo naliona kuwa kosa zito kuliko la Pa. Shule ndiyo iliyomleta, ndiyo inayojua orodha, na kibali chake chote kimefungwa kwenye ajira yake: siku anapoacha kazi, ruhusa ya kukaa inakoma. Mwajiri mwenye nguvu kiasi hicho juu ya mtu hawezi kusema habari za makazi si zake.

Kwa anayetafuta chumba leo, swali linaulizwa kabla amana haijatoka mfukoni, tena kwa upole: mmewahi kupangisha mgeni, na fomu ya 30 mnaijaza wenyewe au niwasaidie? Anayejibu kwamba tayari ana akaunti kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji anastahili kodi ya juu kidogo. Anayesita si lazima aachwe. Anafaa kuulizwa ni karatasi ipi, na aonyeshwe mapema kwamba nakala yake itachorwa mistari na kwamba mkataba utaandikwa. Na kama anakataa kabisa, mtu atafute kwingine siku hiyohiyo, hata kama chumba kina dirisha la kutazama mfereji.

Mwezi wa Oktoba mwalimu alikwenda Mombasa kwa likizo. Alinunua kibali cha kurejea cha safari nyingi, baht 3,800, kabla ya kuondoka, maana bila hicho mwaka wake ungefutika pale kiwanjani. Aliporudi kwenye chumba kilekile hakuhitaji kuandikishwa tena. Pa alikuwa ameshajifunza kutumia mfumo wa simu kwa msaada wa mjukuu wake, na chumba cha pembeni kilikuwa kimepata mwalimu mwingine, Mganda, aliyeandikishwa siku aliyoshusha mizigo.